Nilivyomtembeza mbuzi wa Mama kwa kamera ya filamu

Nilitaka mbuzi wa Mama atembee. Si mbuzi wa kula majani, ni huyu wa kukunia nazi, mwenye ulimi wa chuma. Kila nikimwona jikoni naona kama ananyemelea kifuu. Kwa simu ingekuwa kazi ya jioni moja: unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena. Lakini nilikuwa na kamera ya filamu, Olympus Pen S, ya marehemu babu, na niliona haya kuiacha ioze kabatini.

Uzuri wa Pen ni kwamba hupiga nusu fremu, yaani kila picha hukaa kwenye nusu ya nafasi ya kawaida ya mkanda, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72. Nikipitisha picha 8 kwa sekunde, napata sekunde 9. Kwa kamera ya kawaida mbuzi angeishia nusu ya safari. Ila ukiishika kama kamera nyingine picha hutoka imesimama wima, kwa hiyo niliilaza ubavu.

Roli ya kwanza niliiharibu kwa kutegemea mwanga wa dirisha. Kwa macho yangu chumba hakikubadilika, kumbe kila wingu lililopita lilibaki kwenye mkanda, sakafu inawaka na kufifia kama taa mbovu. Roli ya pili nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha taa mbili, nikaweka tundu la lenzi kwenye 8 na shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, kwenye 1/8 ya sekunde. Sikugusa tena.

Kilichonitesa hasa ni gurudumu la kuvutia filamu. Liko mgongoni mwa kamera, unalisukuma kwa dole gumba baada ya kila picha, na kila ukilisukuma kamera inahama. Nilijaribu polepole, wapi! Mwishowe niliifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli juu ya tofali, kitufe nikawa nakibonyeza kwa waya wa shata. Mbuzi alisogea sentimita moja na nusu kila picha, na kila picha nilitia alama daftarini, maana hakuna kioo cha kukuonyesha picha uliyopiga.

Kwenye picha ya 41 Mama akaingia.

“Nipe mbuzi wangu, wali unangoja tui.”

“Mama, nipo katikati.”

“Katikati ya nini?”

Niliweka punje nne za maharage penye miguu, nikamtoa. Alirudi baada ya nusu saa, ameoshwa, analowa.

Mkanda, filamu ya HP5 ya nyeusi na nyeupe, niliusafisha mwenyewe kwa D-76, dawa ya kutoa picha kwenye filamu. Dawa inatakiwa iwe nyuzi 20, na maji ya bomba hapa Tanga hayajawahi kusikia habari hiyo, kwa hiyo chombo kilikaa kwenye beseni la barafu. Negativu nilizipiga kwa simu moja moja juu ya kioo chenye mwanga, kisha nikazilinganisha kwa kufuata msumari uliokuwa ukutani. Matundu ya kando ya mkanda hayakunifaa, kwa sababu kamera haivuti filamu sawasawa kila mara.

Mbuzi anatembea. Kuanzia picha ya 42 anageuka mweusi ghafla kwa maji, halafu anakauka huku anakwenda, na chembe ya nazi imenasa menoni. Mama aliitazama mara tatu, akaniuliza kwa nini sikufagia kwanza.