Nilivyoacha kuandika "njoo inboksi"

Nauza madera Kariakoo, na wateja wangu wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Wananikuta Instagram na Facebook, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi kwenda Dodoma au Mbeya. Kwangu mimi mtu akikomenti "bei?" ameshaingia dukani na nguo ameishika mkononi.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Idi, niliposti mzigo mpya saa tatu usiku nikalala. Alfajiri nikakuta komenti zaidi ya mia. Nikaanza kujibu moja moja, "njoo inboksi, njoo inboksi", mpaka saa tano asubuhi sijafika nusu. Wengi walikuwa wameshanunua kwingine. Kilichoniumiza zaidi ni mama mmoja wa Tanga aliyeandika namba yake ya simu hadharani ili nimpigie. Kabla sijamfikia, tapeli aliyeweka picha yangu na jina langu lililoongezwa nukta moja alishampigia na kuchukua elfu thelathini na sita. Yule mama aliamini anaongea na mimi. Nililia siku ile.

Nikatafuta dawa. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa programu ya kujibu komenti yenyewe, iliyotaka nenosiri langu la Instagram. Nikalitoa. Siku ya tatu akaunti ikazuiwa kutuma ujumbe, nikakaa hivyo karibu wiki nzima, tena wiki ya mauzo. Programu yoyote inayokuomba nenosiri, achana nayo. Zile za halali zinakupeleka kwenye ukurasa wa Meta wenyewe, kampuni yenye Facebook na Instagram, unaingia huko na kutoa ruhusa.

Sasa natumia Meta Business Suite, programu ya Meta ya kusimamia kurasa za biashara, ambayo ni bure. Nilibadilisha Instagram yangu iwe akaunti ya biashara, nikaiunganisha na ukurasa wa Facebook, kisha nikaingia kwenye inboksi, sehemu ya majibu ya otomatiki. Pale unachagua maneno: mtu akiyaandika kwenye komenti, anapokea ujumbe wa faragha muda huohuo, hata kama umelala. Usiandike "bei" peke yake. Wateja wetu huandika "bey", "shingapi", "sh ngapi", "ngapi hii". Nilikaa jioni nzima nikisoma komenti za nyuma na kuyakusanya.

Jambo nililochelewa kulielewa ni hili: kwa komenti moja unaruhusiwa ujumbe mmoja tu wa faragha, na lazima uende ndani ya siku 7. Mteja asipojibu, huna njia ya kumwandikia tena inboksi kwa komenti hiyo. Akijibu, unapata saa 24 za kuongea naye kwa uhuru. Kwa hiyo ule ujumbe wa kwanza ndio unaobeba biashara yote. Wa kwangu wa mwanzo ulikuwa mrefu, umejaa "karibu", "asante" na historia ya duka, na bei nimeificha mwishoni. Watu walisoma wakanyamaza. Nikaufupisha hivi:

"Karibu sana. Dera hili ni 18,000, saizi zote zipo. Ungependa rangi gani, na upo mkoa gani?"

Bei iko mbele, na swali la mwisho ni rahisi kujibu. Majibu yalianza kuingia usiku uleule.

Mwanzoni niliandika "Mambo mpendwa". Bibi mmoja akanijibu, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima." Alikuwa na haki. Mashine haijui nani wa kuamkiwa shikamoo, ndiyo maana nimebaki na "karibu sana", inayomfaa kila mtu. Shikamoo naitoa mwenyewe mazungumzo yakianza.

Kosa jingine: dada mmoja alikomenti, "Bei mnachukua ila dera langu limekuja limechanika." Programu ikaliona neno bei, ikamtumia ujumbe wa kumkaribisha anunue! Nilimpigia nikamwomba radhi, nikambadilishia dera. Tangu hapo nimeweka posti za mzigo mpya tu kwenye majibu ya otomatiki. Posti nyingine zote najibu kwa mkono wangu.

Pia bado najibu hadharani, kwa kifupi: "Bei ni 18,000, nimekutumia maelezo, angalia na kwenye maombi ya ujumbe." Asiyekufuata Instagram, ujumbe wako unaangukia huko kwenye maombi, na wengi hawapafungui. Halafu bei ikionekana wazi, tapeli hana nafasi ya kumtajia mtu bei yake.

Kila nikiamka, kabla ya chai, napitia komenti zote za usiku. Nikikuta mtu ameweka namba yake ya simu, naificha ile komenti kwanza, ndipo nampigia. Hiyo kazi sijaiachia programu.