Surf Yangu Haikuhitaji Giaboksi Nyingine

Watu watatu waliniambia nitoe giaboksi. Wa kwanza, kule Industrial Area, hata boneti hakufungua. Aliendesha kama mita mia mbili, akarudi, akazima gari na kusema, "Mzee, hizi gia zimekwisha. Tafuta ex-Japan," yaani giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Wa pili, Ngara, alinitajia bei ya hiyo ex-Japan kabla sijauliza: elfu tisini na kitu, kazi ya kufunga mbali. Wa tatu ni mtu ninayemheshimu, na ndiye aliyeniudhi zaidi, maana alikuwa na muda wa kuangalia na hakuangalia.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux Surf ya 1993, ya petroli, V6 ya lita tatu, gia za otomatiki. Kila jioni nikipanda Waiyaki Way kutoka Westlands kwenda Kangemi, gia ya pili ikimaliza kazi, ya tatu ilikuwa inakuja kama mtu anayepapasa swichi gizani. Injini inapaa, mshale wa mizunguko unaruka, unahesabu moja, mbili, ndipo gari linavutwa. Hakuna kugonga, hakuna kelele. Waliopanda nami walikuwa wakisifu jinsi gia zinavyoingia taratibu. Mimi nilikuwa nasikia klachi zikiliwa.

Kilichonifanya nikatae ile ex-Japan ni kijiti cha oili ya giaboksi. Nilikichomoa injini ikiwa moto na inanguruma, kama inavyotakiwa, nikakipangusa kwa tishu nyeupe. Oili ilikuwa imefifia rangi, lakini bado nyekundu. Haikunuka kuungua, wala haikuacha punje nyeusi kwenye tishu. Giaboksi ambayo klachi zake zimeungua haitoi oili ya namna hiyo. Kama yako inanuka kama ugali ulioungua sufuriani, basi wale mafundi watatu wana haki, na haya mengine hayatakusaidia.

Nilianza na ushauri wa bei rahisi. Kirinyaga Road nikauziwa chupa ya dawa ya kumimina kwenye gia, elfu mbili hivi, na sikuona tofauti hata ya nukta moja. Mwingine akasema nibonyeze kitufe cha PWR na nikiache hapo siku zote. Nilifanya hivyo wiki nzima. Kitufe hicho kinachelewesha gia tu, yaani injini inazunguka zaidi kabla ya kubadilisha, lakini gia ikishaanza kubadilika inateleza vilevile. Mafuta yaliisha haraka, basi. Nikabadilisha pia oili, Dexron, mara tatu ndani ya mwezi, kwa sababu ukifungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, nyingi hubaki ndani ya torki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Hapo kulikuwa na nafuu kidogo, ila Kangemi ilikuwa bado Kangemi.

Ndipo nikaketi nikafikiria giaboksi hii inafanyaje kazi. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia na nyingine kushika, na kinachozibana sahani za klachi hizo ni presha ya oili. Presha ikiwa ndogo, sahani zinasuguana kwanza kabla ya kushikana. Ule ulaini wote ni msuguano, na msuguano ni joto. Sasa, nani anaiambia giaboksi iongeze presha? Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo ni kebo. Inatoka pale kwenye koo la hewa la injini, inashuka hadi ndani ya giaboksi. Ukikanyaga mafuta inavutwa, presha inapanda. Kebo ikilegea, giaboksi inadhani unaendesha polepole hata ukiwa unapanda mlima na familia nzima na gunia la viazi. Muda wa kubadilisha gia kwenye Surf hii unaamuliwa na kompyuta. Kebo kazi yake ni presha.

Kwenye waya wa kebo hiyo kuna kifundo kidogo cha chuma, na mwisho wa ganda lake kuna kikofia cha mpira. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, kifundo kinatakiwa kiwe kwenye ukingo wa kikofia, au kiwe nje yake kwa umbali usiozidi milimita 1. Changu kilikuwa kimezama ndani hata hakionekani. Nilipokiona hivyo nilicheka peke yangu pale uani. Elfu tisini!

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi. Binti yangu akaketi kwenye usukani, injini imezimwa, nikamwambia, "Kanyaga mpaka mwisho, mama." Akakanyaga. Nikalegeza zile nati mbili zinazobana ganda la kebo, nikalivuta nyuma hadi kifundo kikatokeza ukingoni, nikakaza. Tukatoka. Gia ya pili iliingia kama mtu ametupiga teke kwa nyuma. Ya tatu ikaingia, chupa ya maji ikaruka toka kwenye kiti. Hata nikigusa mafuta kidogo tu, kila gia inapiga. Tulirudi nyumbani polepole, na usiku sikulala, kwa sababu kipimo nilikifuata na matokeo hayakulingana nacho.

Asubuhi nikafungua bomba la hewa nichungulie kile kibati kinachofunguka ndani ya koo. Nikamwita binti tena akanyage. Amefika mwisho, anaapa amefika mwisho, na kibati kimesimama mshazari! Nikainama chini ya usukani. Zulia la mpira lilikuwa limekunjamana chini ya pedali. Nikalitoa. Bado hakikufunguka chote. Kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali hadi koo la hewa, nayo ilikuwa imelegea. Kwa hiyo jana yake nilipima kifundo wakati pedali haijafika mwisho kweli, nikaikaza kebo ya gia kupita kiasi. Hili hakuna aliyenitajia. Kaza kebo ya mafuta kwanza, hakikisha kibati kimefunguka chote, ndipo uguse ya gia.

Binti alikuwa amechoka na ana kazi ya shule, na mimi sikutaka tena kutegemea mguu wa mtu. Nikaenda jikoni nikachukua mwiko wa ugali, ule mrefu wa mti mgumu. Upande mpana kwenye pedali, mpini kwenye ukingo wa kiti, kisha nikasukuma kiti mbele pole pole hadi pedali ikalala kabisa sakafuni na kubaki hapo. Mikono yangu yote miwili sasa iko huru, na pedali haitikisiki. Ufanye hivyo injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni, tafadhali. Mke wangu aliupata mwiko wake ukiwa msafi, niliuosha.

Kilichobaki ni kupima milimita 1 bila vifaa vya kupimia. Rula haiingii pale. Nikatoa kadi ya benki. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76, zote, ndiyo maana zinaingia kwenye mashine yoyote. Nikarudisha nati nusu mzunguko, nikapima, nikarudisha tena, mpaka kadi ikapita katikati ya ukingo wa kikofia na kifundo, ikigusa pande zote mbili kidogo tu. Nikakaza nati zote mbili zikielekeana. Nikapima mara ya pili, kwa sababu kukaza kunaweza kusogeza ganda.

Jumapili hiyo nikashuka hadi Mai Mahiu makusudi, nikageuza gari na kupanda ule mteremko wote hadi Rironi nyuma ya malori. Kila nilipopata nafasi ya kupita lori, nilikanyaga. Pili, tatu. Unasikia gia imeshika, mgongo unaguswa na kiti, mshale unashuka mara moja na kutulia. Hakuna kupaa, hakuna teke. Binti alikuwa nyuma na chai kwenye kikombe bila kifuniko, na haikumwagika.

Huu ni mwezi wa nane sasa tangu siku hiyo. Oili bado nyekundu. Kila nikiibadilisha naangalia pia kama waya wa kebo umeanza kuchanika nyuzi, maana ikikatika ukaendelea kuendesha, presha inabaki chini na klachi zinaungua kweli. Kebo ya akiba nimeshainunua Kirinyaga Road, iko nyuma ya kiti pamoja na spana.