Jasho la Asha

Nimetoka kuangalia Pumzi sasa hivi, ile filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009.

Haifiki hata nusu saa, lakini bado imenikaba koo.

Vita vya maji vimeshapita. Watu wanaishi ndani, wamefungiwa, kila tone linarudishwa kwenye matumizi: mkojo, jasho, vyote. Hata kuota ndoto kuna vidonge vya kukuzuia.

Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo na mtu asiyejitambulisha. Anapanda mbegu, inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Anatoroka.

Jamani, pale jangwani!

Maji yamebaki kidogo sana. Anaupa mche, si koo lake. Kisha anajikamua jasho, anaupa na hilo pia. Halafu anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Nililia. Sisi tuliokua tukibeba madumu alfajiri tunajua tone lina uzito gani.

Na kazi hii imefanywa na dada yetu wa Nairobi, ikafika hadi tamasha la filamu la Sundance kule Marekani, 2010! Najivunia mno.

Mlioiona, mwisho wake mliuelewaje? Asha alishinda au alishindwa? Niambieni.