Na choo je?

Saa nane usiku, mdogo mtu kashiba kalala, mimi macho. Nimeiweka simu chini mara mbili nimeichukua tena, bora niandike tu linitoke.

Ni lile neno la wifi. Jumapili iliyopita alikuja kumwona mtoto, mnamjua wifi yangu roho yake ilivyo safi, ndo yuleyule aliyekesha na mimi hospitali usiku ule wa uchungu wa kuzaa. Tumekaa sebuleni, yaani wao wamekaa, mimi nimejilaza ubavu kwenye mto, akaniuliza wifi mbona hukai vizuri. Nikamwambia kwa sauti ya chini, choo kinanitesa, naogopa mpaka kwenda. Akanipiga kofi dogo la goti, "Wifi nawe! Mtoto wa kilo tatu na nusu umemsukuma, choo ndo kikushinde?"

Na mimi nikacheka. Nikasema, "Eti eeh." Basi, ikaishia hapo, akambeba mtoto wakaanza kubishana na baba watoto pua kachukua ya nani.

Tangu siku hiyo nalisikia. Nikinyonyesha nalisikia, nikikunja nguo nalisikia, nikiingia chooni ndo kabisa. Wiki yenyewe ilikuwa nzito, baba watoto hatimaye kathibitishwa kazini, mdogo wangu kamaliza mitihani yake, na ofisini kwangu wameshanitumia tarehe ya kurudi, lakini kichwani kuna sentensi moja tu. Na sasa hivi nimegundua kwamba kinachoniuma sana si alichosema yeye. Ni kile kicheko changu. Kwanini nilicheka?

Maana majibu ninayo, sasa hivi yamejaa tele. Ningemwambia wifi, uchungu wa kuzaa ulianza usiku, asubuhi ukaisha, na mwisho wake nikawekewa mtoto kifuani. Huu una wiki tano na kila siku unaanza upya. Kule walikuwepo watu wananishika mgongo wananiambia vizuri mama, endelea hivyohivyo mama. Huku niko peke yangu mlango nimefunga, nimeng'ang'ania ukingo wa sinki, vidole vya miguu vimejikunja, na nje kaka mtu anagonga anataka kupiga mswaki. Ningemwambia unavyouma pia, kwamba ni kama unapitisha kipande cha chupa, kisha ukiangalia tishu kuna damu, nyekundu mbichi, si nyingi lakini inatisha, na ukishamaliza ndo hujamaliza, maana unaanza moto, kunapwita ndani kwa muda wa saa mbili mpaka tatu, na mtoto naye analia anataka ziwa na mimi kukaa siwezi, nanyonyesha kwa kulala ubavu siku nzima mpaka bega limekufa ganzi.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni, nikasema eti eeh.

Kwakweli nilishaanza kujiona mwoga. Wakati wa kuzaa nilichanika daraja la pili, yaani ngozi mpaka msuli, wakanishona, nyuzi zikayeyuka zenyewe na kidonda cha mbele kikapona vizuri, kila aliyeniuliza nyuzi zinaendeleaje nilimjibu salama na ilikuwa kweli. Choo hakuna aliyeuliza. Nikaanza kujitibu kwa akili yangu. Nikapunguza kula, nikasema kikiingia kidogo kitatoka kidogo. Haja ikija naibana, naiambia baadaye, baadaye. Nikafikisha siku nne. Na huku nameza vidonge vya madini ya chuma kwasababu ya ile damu niliyopoteza, choo kinatoka cheusi kigumu kama changarawe. Chupa ya laktulosi, ile dawa ya kulainisha choo, waliyonipa siku ya kutoka hospitali niliitumia siku moja, sikuona mabadiliko, nikaiweka kabatini nyuma ya nepi.

Alhamisi ikawa kliniki ya wiki ya sita. Nilienda kwa ajili ya mtoto, sikuwa na mpango wa kusema chochote cha kwangu. Mkunga mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akampima mtoto, akaandika. Maziwa? Yapo. Damu imekata? Imekata. Usingizi? Hivyohivyo. Kisha bila hata kuinua kichwa, anaandika bado, "Na choo je?"

Jamani nililia. Sikutegemea, yalitoka tu yenyewe, mpaka mtoto akashtuka. Hakuniambia pole wala nyamaza. Aliweka kalamu chini, akavaa miwani, akauliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Akanilaza ubavu akaangalia kwa nje tu, taratibu, akaniambia kabla ya kugusa kwamba anagusa. Akasema nina mpasuko. Mimi siku zote nilijua ni bawasiri, kumbe ni ufa mdogo kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa. Akanionyesha kwa mdomo wake mwenyewe, akasema ni kama mdomo ukipasuka hapa pembeni, kila ukipiga mwayo unachanika tena, sasa wewe kila ukienda choo kigumu unapiga mwayo. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekishika mpaka leo, kwamba pale kuna msuli wa ndani ambao mtu huuamrishi, ukisikia maumivu unajikaza wenyewe, ukijikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, kidonda hakiponi, na kisipopona maumivu yanarudi. "Sio kwamba unaogopa kwahiyo kinauma," akasema. "Kinauma ndo maana unaogopa."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kuhusu kula kidogo na kubana alitikisa kichwa, akasema choo kikikaa ndani utumbo unaendelea kukinyonya maji, kila siku kinazidi ugumu, yaani nilikuwa nalitengeneza lile jiwe mwenyewe bila kujua. Laktulosi inavuta maji kwenye utumbo ili choo kilainike na inachukua kama siku mbili kuanza kazi, kwahiyo mimi niliiacha kabla haijaanza. Ninywe maji kila ninaponyonyesha. Vidonge vya chuma nisiache kwa uamuzi wangu, alienda kuongea na daktari akarudi akaniambia nimeze siku moja niruke moja. Asubuhi nikishakula nisubiri kidogo, utumbo huwa unaamka muda ule, haja ikigusa niende hapohapo. Miguu niiweke juu ya kigoda, magoti yapande kuliko nyonga, niegemee mbele, tumbo nilegeze, nipumue mdomo wazi, nisisukume. Baada ya hapo nikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 mpaka 15, ule msuli ulegee.

Akaniuliza pia kama upepo naweza kuubana na kama choo kinaniponyoka. Nikasema nabana, hakiniponyoki. Akasema vizuri, ila wako kinamama kinawaponyoka na wanakaa kimya miaka wakidhani ndo malipo ya kuzaa, wakati kuna mazoezi na kuna matibabu. Nimeandika hapa makusudi, kwa yeyote anayesoma na kunyamaza. Na kwangu, nikifika wiki mbili mbele bado hali ni ileile nirudi kwa daktari, kuna dawa ya kupaka ya kulegeza msuli. Nikiona homa, usaha, au damu nyingi nisisubiri tarehe yoyote.

Leo asubuhi, yaani jana sasa, nilichukua kigoda cha kaka mtu anachopandia kupiga mswaki. Nikaweka miguu, nikaegemea, nikaachia mdomo wazi kama alivyosema, na mikono nikailazimisha ikae mapajani isishike sinki. Kiliuma. Sitaki kuwadanganya, kiliuma. Lakini kiliuma kikapita, na ule moto wa saa tatu ulikaa kama nusu saa nikiwa kwenye beseni, ukaondoka. Kwenye tishu palikuwa na alama ndogo tu ya damu. Nilikaa pale kwenye maji nikiangalia magoti yangu na sikuwa nawaza kitu chochote, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Wifi nimemwandikia meseji. Ndefu, ya heshima, nimemshukuru kwa usiku ule wa hospitali, kisha nimemwambia nilipokwambia choo kinanitesa nilimaanisha kinanitesa. Sijaituma. Nimeisoma kama mara sita, kuna mahali nimeandika "usijali" nimefuta, nimeirudisha, nimefuta tena. Najali, nataka na yeye ajali kidogo.

Halafu usiku huu kaka mtu kaja kudai kigoda chake, nimekiosha nikampa, kapanda, kafungua mdomo kwenye taa ya bafuni, na mimi ndo nikaona. Jino la chini la mbele lipo palepale limekaza, na nyuma yake kuna lingine limeshachomoza, jeupe, ukingo wake una vimeno vidogo kama msumeno. Nimeligusa lile la mbele kwa kidole, halichezi hata kidogo. Nikamuuliza linauma? Akasema haliumi, lipo siku nyingi mama. Siku nyingi ngapi, hajui. Sasa sijui tuliache lile la utoto lilegee lenyewe au tukaling'oe, na la nyuma litakaa pinda hivyohivyo, na baba yake amelala sijamwambia.