Ndege Iliyoandikwa Taurus

Mjomba wangu alikuwa fundi wa East African Airways pale Embakasi, mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Akahamia Uingereza na sanduku lake la spana, na maradhi ya ndege hayakumtoka. Nilipokwenda kusoma Leicester nilimkuta kila Jumapili yuko uwanjani na wazee wenzake, wanarusha ndege za rimoti. Si midoli ya watoto. Ni ndege za balsa, ule ubao mwepesi sana, zenye injini ya sentimita 10 za ujazo inayolia hadi masikio yanauma, na kazi yake ni sarakasi: kubingirika, kuchora duara angani, kuruka chali.

Mwaka 2006 mjane wa mwenzao mmoja alimpigia simu. Marehemu alikuwa ameacha ndege kwenye banda la gari, katika kijiji kimoja nje ya Bedford. Mnunuzi alishafika, akaitupia jicho, akasema ni ndege ya muundo wa Taurus, akataja bei. Yule bibi hakuwa na shida ya pesa. Alitaka kwanza ajue anauza nini.

"Mjomba," aliniambia mjomba, maana sisi watu wa Tanga tunaitana hivyo pande zote mbili, "njoo unishikie taa."

Ndege ilikuwa imening'inizwa darini kwa kamba, mabawa yamefungwa peke yake ndani ya shuka kuukuu. Tuliishusha juu ya meza ya useremala. Harufu ya mafuta ya nyonyo ilikuwa bado imo, kwani injini za zamani zilikuwa zikichanganyiwa mafuta hayo kwenye methanoli, na yakishaingia kwenye mbao hayatoki. Kwenye mkia, kwa herufi nyekundu zilizochorwa kwa mkono, palikuwa na neno TAURUS.

Mjomba hata miwani hakuvaa. Aliipindua ndege chali, akaingiza kidole kwenye shimo la kukunjia magurudumu chini ya bawa.

"Taurus gani hii inayokunja miguu?"

Taurus ni kazi ya Ed Kazmirski, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya kwanza ya dunia ya ndege hizi, Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960. Siku ile alirusha Orion, Taurus ikaja baadaye. Redio za wakati huo zilifanya kazi kwa vijiti vyembamba vya chuma ndani ya risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea mawimbi, kila kimoja kikitetemeka kwa sauti yake. Rubani alibonyeza swichi, usukani ukaenda mpaka mwisho. Akaachia, ukarudi katikati. Hapakuwa na nusu wala robo. Kwa hiyo ndege ilitakiwa iwe na subira: bawa nene, mwendo wa wastani, magurudumu matatu yaliyosimama palepale. Hiyo ndiyo Taurus, na mjomba anaipenda sana. Lakini hii iliyokuwa mezani haikuwa na subira hata kidogo. Bawa lilikuwa jembamba, limelazwa nyuma. Tumboni palikuwa na mfereji mrefu wa kulaza bomba la moshi, lile refu linalopimwa ili liiongezee injini nguvu. Bomba la namna hiyo na miguu ya kukunja ni mambo ya miaka ya 1970, rubani alipokwisha kupata redio inayofuata kidole chake kidogo kidogo, na waamuzi wakawa wanataka michoro mikubwa angani.

Nilimuuliza kama ingeweza kuwa Kwik Fli, ile ya Phil Kraft aliyochukulia ubingwa Corsica mwaka 1967. Nilikuwa nimemsikia akiitaja. Akatikisa kichwa. "Tazama mkia. Ndege hutambulika kwa mkia."

Akanisogeza nyuma ya ndege nikachuchumaa, macho yawe sawa na meza. Mabawa madogo ya mkia hayakuwa yamenyooka. Yote mawili yaliinama kuelekea chini, kulia na kushoto. Mtu angedhani yamepindika kwa kukaa darini miaka yote ile, lakini mjomba aliweka rula na kipimapembe, na pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Yalijengwa hivyo makusudi. Bawa kubwa linapoinuka nchani, ukikanyaga usukani wa mkia ndege hutaka pia kubingirika. Mkia ulioinama chini unaivuta upande wa pili, ikapita kiubavu bila kugeuka.

"Curare," alisema. "Ya Hanno Prettner."

Prettner ni yule Mwaustria aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1977 kule Springfield, Ohio, kwa ndege hiyo hiyo. Baada ya hapo mikia ya kuinama iliigwa na wengi, kwa hiyo mjomba hakuridhika. Alitoa kwenye mkoba gazeti la zamani lenye mchoro wake, akapima uwiano wa shina la bawa na ncha yake, kisha wa pua na mkia. Vyote vilikubali isipokuwa pua, iliyorefushwa kidogo. Mwisho akafungua risiva. Kristali, kile kipande kinachochagua masafa ya redio, ilikuwa ya 27 MHz, yenye alama ya rangi ya machungwa. Huku Uingereza warushaji walihamia 35 MHz mwanzoni mwa miaka ya 1980, basi ndege ile ilijengwa katikati ya tarehe hizo mbili.

"Na hiyo Taurus?" aliuliza bibi.

Mjomba akamuuliza marehemu alizaliwa mwezi gani. Mei. Nyota yake Ng'ombe, yaani Taurus. Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Mjomba hajawahi kuamini rangi. Zile ndege za abiria za Super VC10 alizozihudumia Embakasi, nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza, zote zikafanywa za jeshi la anga za kujazia mafuta angani, zikapakwa upya. Aliwahi kuiona moja kwenye maonyesho akaitambua kwa mbali, akaanza kumweleza askari aliyesimama kando ni wapi ilipowahi kuvuja. Askari alimsikiliza kwa adabu.

Bibi alikataa bei ya yule mnunuzi. Alisema ndege ataipa kijana wa klabu, yule anayemletea maziwa, kwa sharti neno la mkiani lisifutwe. Mjomba aliitikia vizuri, akaifunga mabawa kwenye shuka, akamwandikia kikaratasi: Curare, Prettner, 1977, pua si yake. Nadhani alitarajia kupewa yeye. Garini hakusema neno hadi tulipoingia barabara kuu ya M1, ndipo akaniuliza kama najua siku hizi balsa inauzwaje.