Upote wa mkonge pori: nilipofikia mpaka sasa

Upinde wangu ni wa mkole, una urefu wa sentimita 150, na tangu niuchonge mwaka 2019 ulikuwa haujapata upote wa maana. Nilianza na kamba ya nailoni ya dukani, ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Haikatiki, ni kweli, lakini inavutika kama mpira wa manati. Unavuta, mshale unaondoka kwa uvivu, na baada ya nusu saa kamba imelegea mpaka inagonga mshikio. Ndipo nikasema nitapota mwenyewe, tena kwa nyuzi nilizozipanda mwenyewe. Hilo la kupanda ndilo lililonila miaka minne.

Siku hizi wengi tunasema "kamba ya upinde" na tunaelewana. Mimi nalipenda neno upote kwa sababu limebeba kazi yenyewe: upote unapotwa. Haushonwi, hausukwi kama ukili.

Novemba 2020

Rafiki yangu wa Same alinipa machipukizi 11 ya mkonge pori unaoota kuzunguka boma lake. Ni ule wenye majani mazito yaliyopangana safu mbili, umekaa kama kipepeo cha kupepea jiko, kila jani lina mfereji kwa ndani na mwiba nchani. Wamasai wanauita oldupai. Lile bonde la Ngorongoro ambako Mary Leakey alipata fuvu la kale mwaka 1959 limepewa jina kutokana na mmea huu. Wageni walisikia vibaya wakaandika Olduvai, na kosa likaingia vitabuni.

Nimepanda nyuma ya nyumba hapa Muheza, kwenye kipande cha mawe ambacho michungwa imekataa. Watu wa Tanga ukitutajia mkonge akili inakimbilia mashamba makubwa. Ule ni mgeni. Dkt. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika hai 62 tu, vikapandwa Kikogwe, Pangani. Huu wa porini ulikuwepo siku zote, na watu walikuwa wakiutolea nyuzi kabla yule mgeni hajashuka melini.

Machi 2022

Yaliyoshika ni 8 kati ya 11. Majani bado mafupi, hayafiki hata goti. Nikakosa subira.

Mama ana ile mimea ya kwenye makopo barazani, majani bapa marefu yenye michirizi na kingo za njano. Asili yake ni Afrika Magharibi, na ni ndugu wa karibu wa mkonge pori. Nilikata majani mawili usiku. Asubuhi nilipomwamkia hakuitika marahaba. Aliniuliza maua yake yamenikosea nini.

Nyuzi zilitoka nyeupe, zinang'aa, urefu wa sentimita 60 hivi. Hazikutosha upote, lakini zilitosha kuufundisha mkono. Mwalimu wangu ni mzee jirani, Mzigua, ambaye ujana wake aliupitisha akichunga mbuzi kule Handeni na kupota kamba zao. Namna yake ni hii: unakaa, mguu mmoja umenyooka, paja wazi, umelipaka majivu kidogo ili nyuzi zisiteleze. Kila fungu unalipota peke yake kwa kusukuma kiganja kuelekea gotini. Kisha unayarudisha mafungu yote kwa pamoja, kiganja kikija nyongani. Fungu linataka kufumukia huku, kamba inataka kufumukia kule, basi zinazuiana. Ndiyo maana kamba iliyopotwa vizuri ukiiachia inatulia.

Yangu haikutulia. Nikamuuliza, "Babu, mbona inafumuka?"

"Unaibembeleza. Kwani mtoto huyo?"

Wenye vinyweleo pajani nawapa pole mapema.

Julai 2024

Mavuno. Nimekata majani 9 ya nje na kuacha yale ya katikati yaendelee. Refu kuliko yote lina sentimita 110. Vaa mikono mirefu, maji yake yanawasha, na ule mwiba ukate kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nina kovu.

Nikayagawa mafungu mawili, maana kila niliyemuuliza alikuwa na njia yake.

La kwanza nilililoweka kwenye pipa siku 14. Siku ya 6 majirani walianza kuuliza nani amekufa. Nyama ya jani ilioza vizuri, ikaoshwa, nyuzi zikabaki laini kama nywele za mtoto. Nilizipenda sana kwa macho.

La pili nililipara likiwa bichi. Jani unalipasua mara tatu au nne kwa urefu, unaliponda polepole kwa mchi juu ya gogo (usitumie jiwe, linakata nyuzi), kisha unalilaza kwenye ubao na kulipara kwa mgongo wa kisu, kutoka katikati kwenda nchani, halafu unageuza. Kijani kinatoka kama uji. Unaosha, unapara tena, unaanika kivulini. Jani moja lilinichukua dakika 40.

Jani la gramu 800 lilinipa gramu 25 za nyuzi kavu, yaani kama asilimia 3. Kwa mkonge wa mashamba inahesabiwa asilimia 4 hivi, nao wana korona, ile mashine ya kuparia majani, mimi nina kisu cha jikoni, kwa hiyo sikujisikia vibaya. Baadaye niligundua kwamba upote mzima hauzidi gramu 8. Laiti ningejua, nisingekata majani tisa.

Agosti 2024

Kupima. Kwa mizani ya kuning'iniza, upinde wangu ukivutwa sentimita 60 unadai kilo 14. Upote unatakiwa uhimili walau mara nne ya hapo, kwa sababu kinachoukata ni ule mshtuko wa mwisho, mshale ukishaondoka na mikono ya upinde ikasimama ghafla. Kwa hiyo nilitafuta kilo 60 kwenda juu.

Chombo changu cha kupimia ni tawi la mwembe, madumu ya lita 20 na jagi la lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, unaongeza jagi moja moja huku umesogeza miguu mbali. Nilipota vipande viwili vya nusu mita, kila kimoja nyuzi 90 katika mafungu matatu. Kile cha nyuzi zilizolowekwa kilikatika kwenye lita 17. Kile cha nyuzi zilizoparwa mbichi kilifika 26.

Nilirudia nikidhani nimekosea kupota. Zikaja 18 na 25. Basi, pipa limerudi kukinga maji ya mvua. Inawezekana siku 14 zilikuwa nyingi mno na ningezitoa ya 7 mambo yangekuwa tofauti, kwani nyuzi zikikaa zaidi kuoza kunahama kutoka kwenye nyama ya jani kwenda kwenye nyuzi zenyewe. Lakini mwenye kulala jirani na pipa ni mimi.

Septemba 2024

Hapa ndipo nilipojiumiza. Nilipota upote wangu wa kwanza kamili, nyuzi 120, mafungu matatu ya 40. Kwa hesabu ya mwembe ungehimili kilo 34 hivi, na 34 si 60. Nilijua. Lakini ulikuwa mzuri, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa Jumamosi.

Mishale mitano ilikwenda kwa mlio ambao nailoni haijawahi kunipa. Wa sita upote ulikatika upinde ukiwa umevutwa wote. Kishindo chake kilimtoa kuku juu ya mayai. Kipande cha juu kilinichapa sikioni, na upinde ukapata ufa mwembamba karibu na ncha, ambao nimeufunga kwa uzi uliolowa gundi na sasa naukagua kila siku kama mgonjwa.

Nikakaa na vile vipande viwili mpaka jioni. Havikukatikia palipo pembamba, vilikatikia kwenye maungio. Majani yangu ni ya mita moja na kidogo, upote pamoja na mkia wa kufungia ni karibu mita mbili, kwa hiyo lazima nyuzi ziungwe njiani. Mimi niliunga mafungu yote matatu mahali pamoja kwa sababu yaliisha pamoja. Kwa macho palionekana pazima, hata pamenenepa kidogo. Kumbe pale hapakuwa na uzi hata mmoja uliopita moja kwa moja. Zilikuwa ncha zinazoshikana kwa msuguano tu.

Nilimpelekea babu. Alivipapasa bila kuviangalia, kidole kikasimama palepale. "Hapa uliishiwa," akasema.

Sasa naanza na mafungu yenye urefu tofauti kwa makusudi, ili kila ungio liwe mbali na jingine walau shibiri moja. Tena siungi fungu zima kwa mkupuo. Naingiza nyuzi nne au tano, napota kidogo, naingiza nyingine, na ncha zake nimezichambua ziwe nyembamba kama mkia wa panya. Kazi imekuwa ndefu mara mbili.

Desemba 2024

Nilijaribu nyuzi nyingine wakati kidole gumba kikipona malengelenge. Mkonge wa mashamba una nguvu, hauna ubishi, lakini singa zake ni nene na kavu, na kwenye kitanzi, mahali upote unapokunjwa kwa ukali, zinavunjika moja moja. Kwa kamba ya ng'ombe sina neno. Nanasi lilinishangaza: nyuzi kama hariri, nyembamba kuliko zote nilizogusa. Majani ya shamba langu hayazidi sentimita 70 na mengi ni mafupi zaidi, maana yake ni maungio juu ya maungio, nami kwa maungio nimeshaonja. Mgomba nauacha kwa wasuka mikeka.

Kuna anayeniuliza kwa nini nisitumie kano za mnyama kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Kano ni nzuri mno. Lakini mimi si mwindaji, kibali sina na sikitaki, ninalenga kiroba. Na huu ni mradi wa bustani.

Februari 2025

Upote wa nne. Nyuzi 210, mafungu matatu ya 70, maungio yametawanywa. Nilizilowesha maji kidogo kabla ya kupota, zinalala vizuri zaidi pajani. Nilipomaliza nikautundika mwembeni usiku kucha na dumu lenye lita 10 chini yake, ukarefuka sentimita 4, na ni afadhali urefuke kwa dumu kuliko kwa mshale. Asubuhi nikaupitisha haraka juu ya moto wa mabua kuunguza vinyweleo, kisha nta. Nta ya nyuki wadogo inanata kuliko ya nyuki wakubwa, peke yake inachafua vidole, nikachanganya nusu kwa nusu, nikasugua kwa kipande cha ngozi mpaka ikapata joto na kuingia ndani.

Juu kitanzi, chini nauzungusha kwenye ncha ya upinde na kuufunga, ili niweze kufupisha. Katikati, mahali mshale unapokaa, nimezungushia uzi wa pamba sentimita 10, kwani pale ndipo vidole vinapokula upote. Nafasi kati ya upote na mshikio ni ngumi moja iliyosimamisha dole gumba.

Kipande pacha nilichopota siku hiyohiyo kilikatika kwenye lita 71. Nilipiga kelele, mama akatoka na mwiko.

Kiroba cha maranda, hatua 20. Siku ya kwanza mishale 30. Upote ulirefuka kidogo, nikaufungua chini nikaongeza mizunguko, ukatulia. Siku ya tatu haukusogea tena.

Mei 2025

Masika yamenifundisha jambo ambalo nailoni hailijui. Upote wa mimea ukilowa nyuzi zinavimba, na kamba iliyopotwa ikivimba inafupika. Niliuacha upinde umevishwa barazani usiku wa mvua, asubuhi nafasi ya ngumi na dole gumba ilikuwa imezidi kwa vidole viwili, na ule ufa wangu umejibinua kidogo kwenye gundi. Sasa nauvua kila nikimaliza, nta kila baada ya siku kumi, na upote unalala kwenye kopo lenye mchele mkavu. Mama hajui mchele umetoka wapi.

Hesabu ya mishale mpaka leo ni 340. Nyuzi tatu zimechomoza karibu na kitanzi, nyingine zote zimelala. Majani mapya ya mkonge pori yamefika kiunoni, nitakata mawili tu kiangazi.

Juzi babu alipita. Aliuchukua upinde, hakuuvuta, akaukwanyua upote kwa ukucha na kutega sikio. Akaukwanyua tena karibu na ncha ya chini, akapitisha kidole kote kutafuta maungio. Alipata mawili, yako matano. Kisha akaniuliza kama zimebaki nyuzi. Nikamwambia zipo, babu, karibu gramu 100, nikidhani ananipa mtihani mwingine.

"Nipotee mita tatu," akasema. "Yule mbuzi wangu mweupe anakata kila kamba."