Mentalisi: msuli wa kidevu unaobeba mdomo wa chini

Simama mbele ya kioo, funga midomo, kisha ubetue mdomo wa chini kama mtu aliyenuna. Weka ncha ya kidole kwenye kidevu, chini kidogo ya usawa wa fizi. Utahisi kitu kinakazana chini ya kidole, na ngozi itajaa vishimo vidogo vidogo. Huo ndio mentalisi. Iko miwili, mmoja kila upande wa mstari wa kati, na kila mmoja una umbo la pia.

Mwanzo wake uko kwenye mfupa wa taya la chini, mbele ya mizizi ya meno ya kukatia. Kutoka hapo nyuzi zinatawanyika: za juu ni fupi na zinakwenda mbele karibu kwa ulalo, za chini ni ndefu na zinateremka hadi kwenye ngozi ya kidevu. Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa sababu msuli unaoelekea chini ndio huo huo unaoinua mdomo. Ufunguo ni kuuliza kipi kinasogea. Mfupa hausogei, ngozi ndiyo inayosogea. Nyuzi zikifupika, ngozi ya kidevu inavutwa juu, nayo ikipanda inausukuma mdomo wa chini juu na mbele. Msuli unaozunguka kinywa, obikularisi, hufumba na kubana midomo, lakini anayeushikilia mdomo wa chini usishuke ni mentalisi. Akilegea yeye, hakuna wa kumsaidia.

Pande mbili zikikaa mbali kidogo, ngozi ya katikati huzama. Ni sababu mojawapo ya kidevu chenye mfuo, ingawa umbo la mfupa nalo huchangia.

Dalili inayoonekana mara nyingi zaidi ni kidevu chenye ngozi kama ganda la chungwa. Watu hukimbilia kulaumu ngozi na kununua mafuta ya kupaka. Vile vishimo vinatokea kwa sababu nyuzi za msuli zinapenya mafuta ya chini ya ngozi na kujishikiza kwenye ngozi yenyewe. Kila unyuzi ukivuta, panaingia ndani. Kabla ya kufikiria tiba yoyote, mwangalie mtu akiwa ametulia. Mwambie alambe midomo, ameze mate, kisha aache taya na midomo vilegee. Kidevu kikilainika hapo hapo na midomo ikaachana kwa zaidi ya milimita 4 hivi, tatizo halianzii kwenye msuli. Meno ya mbele yamechomoza, au sehemu ya chini ya uso ni ndefu, na mentalisi analazimika kufanya kazi mchana kutwa ili midomo ikutane. Mazoezi ya midomo hayafupishi mfupa wala hayarudishi meno nyuma. Mtu wa namna hii aanzie kwa daktari wa kupanga meno. Na anayepiga picha za tathmini asimwambie mgonjwa "funga mdomo", maana atapata picha ya kidevu kilichokazwa, na upungufu wenyewe utakuwa umefichwa.

Midomo ikikutana bila shida na kidevu bado kikakunjika mtu anapoongea, sindano ya sumu ya botulinamu, dawa inayoulegeza msuli kwa muda, hufanya kazi vizuri. Kipimo cha kawaida ni kati ya uniti 4 na 10 za Botox kwa kidevu kizima, kwa tundu moja la katikati au mawili yaliyo karibu na mstari wa kati. Uniti za bidhaa nyingine si sawa na hizi, kwa hiyo usihamishe namba kutoka chupa moja kwenda nyingine. Sindano iingie kwa kina, chini, karibu na ncha ya mfupa wa kidevu. Ukipanda juu, dawa inaufikia obikularisi: mtu anashindwa kunywa kwa mrija na chakula kinamponyoka. Ukienda pembeni, unaupata msuli unaoshusha mdomo wa chini, na tabasamu linakwenda upande. Kosa la aina hiyo halina dawa ya kulifuta. Ni kungoja nguvu irudi, kwa kawaida miezi 3 hadi 4.

Upasuaji ndio unaodai heshima kubwa zaidi kwa msuli huu. Daktari anayefika kwenye mfupa wa kidevu kupitia ndani ya mdomo lazima aukate mentalisi. Mkato hauanzii kwenye kina cha mfereji kati ya fizi na mdomo. Unaanzia upande wa mdomo, kama milimita 10 hadi 15 mbele yake, kisha unashuka kwa mshazari ili kisiki cha msuli kibaki kimeshikana na mfupa. Kisiki hicho ndicho kitakachoshonewa wakati wa kufunga. Msuli unashonwa peke yake kwanza, kwa uzi unaoyeyuka, halafu utando wa juu unashonwa kwa tabaka lake. Anayeshona utando tu ataona kidonda kimefunga vizuri, na wiki kadhaa baadaye kidevu kinaning'inia chini ya mfupa, mdomo wa chini umeshuka na meno ya chini yanaonekana hata mtu akiwa amenyamaza. Kurekebisha baadaye ni kazi ngumu, kwani msuli umeshajikunja na kushikwa na kovu. Plasta inayobana kidevu siku za mwanzo husaidia, lakini haichukui nafasi ya mshono.

Kwa wasio na meno, hadithi ni ileile kwa upande mwingine. Mfupa wa fizi ukiliwa, mwanzo wa mentalisi unajikuta karibu na ukingo wa juu, na kila mdomo ukipanda, meno bandia ya chini yananyanyuka. Wakati wa kuchukua chapa, yaani umbo la fizi la kutengenezea meno hayo, mgonjwa aubetue mdomo mara kadhaa kabla chapa haijaganda, na ukingo wa mbele ufupishwe kufuata alama hiyo.

Amri ya msuli huu inatoka kwenye neva ya saba ya kichwa, inayoendesha misuli ya uso, kupitia tawi linalofuata ukingo wa taya. Hisia za ngozi ya kidevu ni za neva ya tano. Ndiyo maana mtu aliyepigwa ganzi kwenye neva ya kidevu, tawi la hiyo ya tano, huhisi mdomo umevimba na kuning'inia, huku kioo kikimwonyesha uko mahali pake na unasogea.

Mgawanyo huo wa neva una faida kubwa baada ya upasuaji wa shingo au wa kukaza uso. Mgonjwa akitabasamu na upande mmoja wa mdomo wa chini ukakataa kushuka, usitangaze haraka kwamba tawi la taya limekatika. Mwambie aubidue mdomo wa chini kwa nje. Akiweza, mentalisi yuko hai na tawi la taya liko salama. Kilichoumia ni tawi la shingo, linaloendesha msuli mpana wa shingo ambao nao husaidia kuushusha mdomo, na kwa kawaida hali hiyo hurudi yenyewe. Asipoweza, andika tarehe, piga picha akitabasamu na akibetua mdomo, kisha umpeleke kwa mtaalamu wa neva za uso mapema.